BeagleBone Green na kioo cha inchi 2.8: tathmini baada ya miezi minane ya kazi

Kasoro moja ya BeagleBone Green, kompyuta ndogo ya bodi moja inayotumia Linux, niliijua tangu siku niliyoinunua: haina mahali pa kuchomeka skrini. BeagleBone Black, iliyotoka mwaka 2013, ilikuja na tundu dogo la HDMI, lakini Seeed Studio walipoitengeneza Green mwaka 2015 waliliondoa tundu hilo pamoja na chipu iliyokuwa ikiliendesha, wakaweka soketi mbili za Grove (viunganishi vya kuchomeka vihisi bila kulehemu), moja ya I2C na nyingine ya siriali, ambazo ni njia mbili za kupeleka data. Prosesa ni ileile ya AM335x ya gigahezi 1, memori ni ileile ya megabaiti 512, na pini zake 92 zimepangwa vilevile. Kwa kazi nyingi mabadiliko hayo ni faida tupu, kwa sababu bodi inayofungiwa ndani ya boksi ili isome vihisi na kupeleka takwimu mtandaoni haina wa kumwonyesha chochote, na soketi ya Grove inakuokoa na rundo la nyaya. Tabu huanza siku mteja anaposema anataka kuona.

Mteja wangu ni mama mmoja mfugaji wa kuku huko Kibaha, mwenye mashine ya kutotolea vifaranga ya mayai mia tano na ushee. Nilikuwa nimemfungia bodi hiyo ili isome joto na unyevu ndani ya mashine, ihesabu siku tangu mayai yalipoingizwa, na imtumie taarifa kwenye simu joto likipita mipaka, nami nikadhani kazi imekwisha. Wiki ya pili akanipigia. "Mwanangu, hii simu wajukuu wanaichezea magemu mpaka inazima. Mimi nataka nikifungua mlango wa banda nione namba." Nikamwambia, "Sawa mama, nitakuletea kioo," nikikadiria kazi ya saa mbili. Zilikwenda jioni nne. Kioo nilichompelekea ndicho ninachokitathmini hapa: skrini ya rangi ya inchi 2.8, yenye pikseli 240 kwa 320, inayoendeshwa na chipu ya ILI9341 kupitia SPI, njia inayopeleka data biti moja baada ya nyingine, ya aina ile isiyo na chapa ambayo mimi niliinunua Kariakoo kwa chini ya shilingi 40,000. Kimekaa ukutani miezi minane sasa, katikati ya vumbi la banda, na bado kinawaka.

Kabla ya kukinunua nilizipima njia nyingine, na inafaa nizieleze, kwa kuwa msomaji mwenye kazi tofauti na yangu anaweza kuangukia mojawapo. Ya kwanza ni kuirudisha HDMI. Prosesa ya AM335x haitoi HDMI yenyewe. Inacho kidhibiti cha LCD kinachotoa rangi ya kila pikseli kwa mkupuo kupitia nyaya nyingi zinazokwenda sambamba, na kwenye Black chipu ya TDA19988 ndiyo inayozipokea nyaya 16 za rangi na kuzigeuza kuwa HDMI. Green haina chipu hiyo, ila nyaya zote bado zinafika kwenye pini za P8 (mojawapo ya safu mbili za pini za bodi, nyingine ikiwa P9), kuanzia ya 27 hadi ya 46, na ipo bodi ya nyongeza inayochomekwa juu yake ili kuirudisha HDMI. Kwa mtu anayetaka kuweka monita mezani na kuifanyia bodi kazi kama kompyuta, hiyo ndiyo njia ninayomshauri bila kusita. Lakini kumpelekea mfugaji monita ya kuning'inia bandani ikila umeme usiku kucha, ili tu asome namba mbili, ni kumbebesha mzigo asiouomba.

Njia ya pili ni kuzitumia pini hizohizo 20 kuendesha paneli tupu, kwa mfano ya inchi 4.3 yenye pikseli 480 kwa 272, bila kupitia HDMI. Kiufundi hii ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu kidhibiti cha LCD huisoma picha moja kwa moja kutoka kwenye memori na kuichora upya mara 60 kwa sekunde huku prosesa ikiendelea na shughuli zake kana kwamba skrini haipo. Hata hivyo ina mtego ambao lazima ujulikane mapema. Nyaya 16 za rangi ndizo hizohizo ambazo prosesa huzichungulia pale tu umeme unapoingia, ili ijue iwake kutoka wapi: kwenye memori yake ya ndani, kwenye kadi, au penginepo. Skrini yenye resista inayouvuta mmoja wa nyaya hizo juu au chini wakati huo inaweza kuifanya bodi isiwake kabisa, na mtu asiyelijua hilo ataihukumu kuwa imekufa. Niliwahi kupoteza siku nzima kwa kosa hilo katika kazi nyingine, na aibu yenyewe ni kwamba nilikuwa nimelisoma.

Zilizobaki sikuzifikiria sana. Adapta za zamani za DisplayLink za USB 2.0, zinazotoa picha ya monita kupitia USB, zina draiva (programu ya kuendesha kifaa) ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, lakini zingelimeza tundu pekee la USB la bodi, na bado ungehitaji monita. Vile vioo vidogo vya OLED vya pikseli 128 kwa 64 vinavyotumia I2C vingechomekwa kwenye soketi ya Grove kwa nusu dakika, na kwa kweli nilianza nacho kimoja. Mama yule alikisogelea, akavua miwani, akaivaa tena, kisha akaniuliza kama kuna kikubwa zaidi.

Basi tukitazame chenyewe. Kioo kinakuja kikiwa kimeshikizwa juu ya bodi nyekundu yenye pini 14 upande mmoja na pini nne za kadi ya SD upande wa pili. Majina yamechapwa nyuma kwa herufi nyeupe zinazosomeka: VCC, GND, CS, RESET, DC, SDI, SCK, LED, SDO, kisha tano zinazoanza na herufi T ambazo ni za mguso. Karibu na pini ya VCC kuna nafasi ndogo ya kulehemu iliyoandikwa J1, na hiyo ndiyo sehemu ambayo wengi huipita bila kuiuliza kazi yake. Ikiwa wazi, umeme wa VCC unapita kwanza kwenye kirekebishaji kinachoushusha kutoka volti 5 hadi 3.3, ikifungwa kwa tone la lehemu, kirekebishaji kinarukwa na bodi inategemea kupewa volti 3.3 zilizo tayari. Ukiipa volti 3.3 huku J1 ikiwa wazi, kioo kitawaka lakini kwa unyonge, na siku moja kitaganda bila sababu inayoonekana. Mimi niliifunga, nikachukua umeme kwenye pini ya P9_3, ambayo pamoja na P9_4 inaweza kutoa miliampea 250, kiasi kinachotosha kioo hiki na taa yake ya nyuma. Anayeifunga J1 asije akasahau na kuipa volti 5 siku nyingine, maana hapo hakuna kitakachokilinda kioo. Jambo la kushukuru ni kwamba nyaya za mawasiliano za kioo ni za volti 3.3, sawasawa na za bodi, hivyo huhitaji chipu ya kupatanisha volti. Pini za AM335x hazivumilii volti 5 hata kidogo.

Ufungaji wa nyaya unaonekana mwepesi kwenye karatasi. SCK niliipeleka P9_22, CS ikaenda P9_17, DC nikaiweka P9_15 na RESET P9_12. Zikabaki SDI na SDO, yaani njia za data za kuingia na kutoka kwenye kioo, na hapo ndipo jioni yangu ya kwanza ilipoishia. Kwenye pini za bodi njia hizo mbili hazikuandikwa kwa jina la kuingia au kutoka, zimeitwa D0 na D1 tu, kwa kuwa kidhibiti cha SPI cha AM335x kinaweza kuzitumia kwa upande wowote. Nikaamua mwenyewe kwamba D0, kwa kuwa ni ya kwanza, ndiyo ya kutoa. Kioo kikawaka cheupe pee, na kikabaki hivyohivyo. Weupe huo maana yake ni moja: taa ya nyuma ina umeme, lakini chipu haijapokea amri yoyote inayoielewa. Nilibadilisha nyaya, nikapunguza kasi, nikashuku kioo, nikamshuku muuzaji. Usiku wa manane nikafungua maelezo ya kerneli na kukuta kwamba, usipoiagiza vinginevyo, D0 ni ya kupokea na D1 ndiyo ya kutoa. Nikahamisha waya mmoja kutoka P9_21 kwenda P9_18, na kioo kikawa cheusi. Sijawahi kuufurahia weusi kiasi kile.

Sasa tufike kwenye kasi, ambayo ndiyo inayoamua kama kioo cha aina hii kinakufaa au hakikufai, na hesabu yake ni ya dakika mbili ambayo kila mnunuzi anapaswa kuifanya kabla ya kutoa pesa. Picha moja iliyojaa kioo ni pikseli 240 mara 320, kila moja ikichukua biti 16, jumla biti 1,228,800. Biti hizo zote zinapita kwenye waya mmoja, moja baada ya nyingine. Waraka wa ILI9341 unaruhusu uandishi wa kasi isiyozidi megahezi 10, ambayo inakupa takriban picha 8 kwa sekunde. Watu wengi, nikiwemo, huipita kasi hiyo na chipu huvumilia, lakini ieleweke kuwa hapo umetoka nje ya ahadi ya mtengenezaji na ukipata chenga huna wa kumlalamikia. Mimi niliiandikia bodi megahezi 32 baada ya kuona mtu mwingine akizitumia kwenye bodi yake, na nikashangaa kwamba kioo hakikwenda kwa mwendo niliotarajia. Sababu ni kwamba SPI ya AM335x inatokana na mapigo ya megahezi 48 yanayogawanywa kwa namba kamili, kwa hiyo kasi unazoweza kupata ni 48, 24, 16, 12 na kushuka. Ukiomba 32, kerneli inakupa iliyo chini yake, yaani 24. Kwa megahezi 24 picha nzima inaweza kubadilishwa mara 19 hivi kwa sekunde.

Mara 19 ni chache kwa video na ni nyingi mno kwa namba za joto. Isitoshe, draiva za kisasa hazipeleki kioo kizima kila mara. Zinapeleka ule mstatili uliobadilika tu. Sehemu ninayoandikia joto ina pikseli 200 kwa 100, ambazo ni biti 320,000, na kwa megahezi 24 inachukua kama milisekunde 13. Joto la mashine ya kutotolea linatakiwa likae karibu na nyuzi 37.6, na namba ile hubadilika kwa sehemu ya kumi mara chache kwa dakika. Kwa matumizi kama hayo waya mmoja unatosha na kubaki, na pini zote 20 za P8 zinabaki huru kwa relei (swichi za umeme) za kupashia joto, feni na mota ya kugeuzia mayai. Mtu anayetaka kuonyesha picha za kamera, ramani inayosogea au video ya matangazo dukani asikiguse kioo hiki. Arudi kwenye paneli ya nyaya sambamba au HDMI.

Kasi hiyo ina adui wake, nayo ni urefu wa nyaya. Nilianza na zile nyaya za rangirangi za bredibodi zenye urefu wa sentimita 30, na kwa megahezi 24 kioo kilijaa nukta za kijani zilizotawanyika kama dagaa juani. Kwa megahezi 12 kilikuwa safi. Nilipozikata na kuzilehemu kwa sentimita 8, nikausokota waya wa SCK pamoja na waya wa GND, nukta zikaisha kwenye 24 na hazijarudi. Kama boksi lako linalazimisha kioo kikae mbali na bodi, ridhika na kasi ndogo tangu mwanzo.

Upande wa programu ndio ulionila jioni mbili zilizofuata, na lawama si ya kioo. Mafunzo mengi yaliyozagaa mtandaoni yanatumia fbtft, mkusanyiko wa draiva uliotengenezwa na Noralf Trønnes na kuingizwa kwenye kerneli ya 4.0 mwaka 2015, kwenye ile sehemu ya staging ambako huwekwa draiva zisizokomaa. Yanakuambia upakie fbtft_device na kuitajia pini, kisha kila kitu kitawaka. Ushauri huo ulikuwa sahihi kwa wakati wake, lakini fbtft_device iliondolewa kwenye kerneli ya 5.4, na anayeifuata leo ataambiwa tu kwamba hakuna kitu cha jina hilo. Njia ya sasa ni kuandika faili la nyongeza linaloieleza kerneli kwamba kwenye SPI fulani pamefungwa kioo, kasi yake ni hii, DC iko pini hii na RESET iko pini ile, kulikusanya kwa programu ya dtc, na kulitaja kwenye /boot/uEnv.txt ili U-Boot, programu inayoiwasha bodi, ilipakie kabla kerneli haijaamka. Mara ya kwanza inatisha. Mara ya tatu utaona ni afadhali kuliko amri za kupakia kwa mkono, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi usiku, kama unavyokatika Kibaha, kioo kinajiwasha chenyewe bila mtu kushika kitu.

Kwa draiva nilichagua panel-mipi-dbi, iliyoingia kwenye kerneli ya 5.18 mwaka 2022, na naona ndiyo zawadi kubwa kuliko zote kwa sisi tunaonunua vioo visivyo na chapa. Badala ya amri za kuamshia chipu kuandikwa ndani ya draiva, zinakaa kwenye faili dogo ndani ya /lib/firmware, ambalo unalitengeneza mwenyewe kutokana na orodha ya amri iliyoandikwa kwa maandishi ya kawaida. Kioo kikibadilika unabadilisha faili, kerneli huigusi. Ukikosea jina la faili hilo, dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli, itakulalamikia kwamba upakiaji umeshindwa kwa kosa namba -2, na maana yake ni nyepesi: faili halipo pale lilipotafutwa. Draiva ikishakubali, kioo kinajitokeza kama /dev/fb0 na maandishi ya terminali yanaanza kuteremka humo, herufi 30 kwa mstari na mistari 20. Jaribio langu la kwanza huwa ni lilelile siku zote: namwaga data za kubahatisha za /dev/urandom kwenye /dev/fb0, na kioo kikijaa chenga za rangi kutoka kona hadi kona ujue nyaya na vipimo viko sawa.

Angalizo moja kwa wanaotegemea kioo kuwaonyesha matatizo ya kuwaka: hiki hakionyeshi lolote mpaka kerneli iwe imeamka na kupakia draiva. U-Boot haikijui. Kebo ya siriali ya pini sita, kwa kasi ya 115200, itabaki kuwa rafiki yako hata baada ya kioo kufungwa, kwa hiyo usiizibe njia yake unapotoboa boksi.

Rangi nazo zilikuja na kisa. Niliandika programu ndogo ya Python inayochora namba kwa kijani joto likiwa sawa na kwa nyekundu likipanda, nikaipeleka, nikarudi Dar. Baada ya siku tatu mama akapiga simu akasema mashine inaonekana ina baridi, maana namba zimekuwa za bluu. Kwa bahati taarifa ya simu ilikuwa imefika nayo ikisema nyuzi 38.9. Kumbe kwenye amri ya 36h, inayopanga mwelekeo wa picha, kuna biti moja inayosema kama rangi zianze na nyekundu au bluu, nami nilikuwa nimeandika 40h badala ya 48h. Kijani hukaa katikati, hivyo hakikubadilika, na mimi mezani nilikuwa nimejaribu kijani peke yake. Tangu hapo sifungi kioo bila kuchora pande tatu, nyekundu, kijani na bluu, huku nikizitamka kwa sauti.

Kasoro ya kweli ya kioo chenyewe, ambayo haitokani na uzembe wangu, ni pembe ya kutazamia. Paneli niliyopata ni ya TN, aina ya LCD yenye pembe finyu ya kutazamia, na ukiitazama kutoka upande mmoja wa urefu wake rangi hufifia kisha hugeuka, nyeusi ikawa kijivu na nyeupe ikachafuka. Mashine ile ni ndefu, nami nilikuwa nimekifunga kioo juu kabisa, wakati mwenyewe si mrefu. Alikuwa akikitazama kutoka chini, upande huohuo mbovu. Dawa ilikuwa kukigeuza kioo juu chini na kubadilisha 48h kuwa 88h ili picha nayo igeuke, upande mbovu ukaelekea darini ambako hakuna anayetazama. Kwa hiyo kabla ya kutoboa boksi, washa kioo, kishike mkononi, kizungushe, uamue kwanza macho ya mtumiaji yatakuwa wapi. Eneo linaloonyesha ni milimita 43.2 kwa 57.6 tu, lakini namba zenye urefu wa pikseli 100 zinakuwa na milimita 18, na kwa ukubwa huo mama anaisoma 37.6 akiwa mlangoni, hatua sita hivi kutoka kwenye mashine, bila miwani.

Taa ya nyuma isichomekwe moja kwa moja kwenye pini ya kawaida ya bodi. Pini hizo ni za kutoa miliampea 4 hadi 6, wakati taa hiyo inataka mara kadhaa zaidi. Nilitumia transista moja inayoamriwa na P9_14, ambayo ina PWM (kuwasha na kuzima kwa kasi ili kupima mwanga), na sasa baada ya saa nne usiku mwanga hupungua wenyewe. Mguso upo, wa aina ya kukandamiza, kupitia chipu ya XPT2046 inayokubaliana na draiva ya ads7846; niliufunga kwenye SPI1, ambayo kwenye Black pini zake kadhaa zimeshikwa na sauti ya HDMI lakini kwenye Green ziko huru. Unafanya kazi hata kwa kidole chenye pumba, ila si wa kutelezesha kidole kama simu. Tundu la kadi ya SD sikulijaribu, kwa kuwa bodi ina lake.

Kwa bei yake nakipa kioo hiki alama nzuri, nikimlenga mtu mwenye namba chache za kuonyesha, anayejua kulehemu na asiyeogopa kuandika faili la nyongeza. Asiye na uwezo huo, au asiye na jioni za kupoteza, atapata nafuu zaidi kununua bodi yenye HDMI tangu mwanzo, maana tofauti ya bei italiwa na muda. Kilichonifanya nipunguze alama ni jambo nililoligundua baadaye, niliponunua vingine viwili kwa ajili ya wafugaji jirani zake. Bodi ilikuwa nyekundu ileile, maandishi yaleyale, hata mfuko wa plastiki uleule. Kimoja kikawaka sawa. Cha pili kikaonyesha kila kitu kama negativu ya picha, nyeupe mahali pa nyeusi. Niliposoma utambulisho wa chipu kwa amri ya D3h kupitia SDO, cha kwanza kilijibu 93 41 kama inavyotakiwa, na cha pili hakikujibu hivyo. Kilikuwa na tabia za ST7789, chipu nyingine yenye ukubwa uleule wa picha, ambayo mara nyingi inahitaji amri ya 21h ya kugeuza rangi. Nilikiandikia faili lake jipya la amri, mistari michache tu, nacho kikatulia. Kwa draiva iliyojengwa kwa ajili ya ILI9341 peke yake ningekuwa nimekwama.

Sasa naenda dukani na bodi kwenye mkoba, betri ya kuchajia simu, na kiunganishi cha pini 14 nilichokilehemu tayari. Nachomeka kioo pale kaunta, nasoma D3h, nachora rangi tatu, ndipo nalipa. Mara ya kwanza muuzaji alinuna. Siku hizi ananisogezea stuli na kuniuliza kama mayai ya Kibaha yameanguliwa.